Dawa ya Mkono wa Mwingine

Fundi Makochi alikuwa ameweka kiti katikati ya mlango wa wodi ya wanawake na kukikalia kama mlinzi wa ghala. Wauguzi waliruhusiwa kupita, ubavu ubavu, kwa kubana matumbo. Aliyezuiwa ni daktari peke yake. Alikuwa amejaribu mara mbili asubuhi ile, na mara ya pili Fundi alimkamata ukosi wa koti lake jeupe mpaka kifungo kikaruka. Hapo ndipo hospitali ilipowapigia polisi simu, na polisi wakamtuma Inspekta.

Kituoni walimwita Bi Pole. Si kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na mazoea ya kumpa pole kila anayemhoji, kabla na baada, hata wezi wa mji ule wakawa na msemo wao: Bi Pole akikupa pole ya tatu, tafuta wakili.

"Pole, Fundi," alimwambia sasa, akivuta ndoo ya dawa ya sakafu na kuikalia mbele yake.

"Pole mpe aliyelala humo ndani, afande. Mimi nataka muuaji afungwe."

"Muuaji nani?"

"Daktari. Amempa mke wangu dawa feki. Mke wangu alikuwa anapona. Alikuwa anakaa kitako, anaomba chakula. Mara homa ikarudi, tena mara mbili ya ile ya kwanza. Sasa hivi hanijui mimi ni nani."

Inspekta alichungulia juu ya bega lake. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mwanamke mwembamba, midomo imepauka, macho nusu wazi. Mtaani walimwita Mwalimu, maana alifundisha shule ya chekechea, na nusu ya watoto wa pale walijifunza kuhesabu kwake. Alikuwa akisema maneno yasiyosikika vizuri, mkono mmoja ukiinuka na kushuka juu ya shuka.

"Ushahidi unao?"

Fundi alitoa chupa ya plastiki mfukoni mwa shati. Ilikuwa na karatasi ya hospitali, jina la mgonjwa na maelekezo. Ndani vilibaki vidonge vichache, vyeupe, vya mviringo.

"Hizi ndizo alizompa. Kwa mkono wake mwenyewe, nyumbani kwangu! Wewe umewahi kumwona daktari anazunguka majumbani na dawa mfukoni?"

"Na mgonjwa alikuwa anapewa na nani?"

"Na mimi. Nani mwingine? Mke ni wangu."

Inspekta alifunga chupa ndani ya kitambaa chake. Wakakubaliana hivi: muuguzi aingie na maji ya dripu, daktari asiingie mpaka Inspekta arudi. Fundi aliinamisha kichwa, lakini kiti hakukisogeza.

"Pole sana," alisema Inspekta, akaondoka.

Inspekta alimkuta daktari chumbani kwake, amesimama dirishani, kifungo kilichoruka amekishika kiganjani. Alikuwa mwanamume mrefu aliyeanza kuota mvi mapema. Hakungoja aulizwe.

"Figo zote mbili zimeshambuliwa, Inspekta, na vijidudu vimeingia kwenye damu. Lazima achomwe sindano sasa. Ninazo mbili za kuchagua, na siwezi kuchagua."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza ni ndugu wa ile dawa niliyompa nyumbani. Kama aliimeza nilivyoelekeza na bado amefika hapa, basi vijidudu vimeshauzoea ukoo mzima wa dawa hiyo. Nikimchoma hiyo ni sawa na kumchoma maji. Itabidi nitumie ya akiba. Ya akiba inaua vijidudu sugu, lakini ni kali kwa figo, na figo zake ndizo hizo zinazokufa."

"Na kama hakuimeza?"

"Basi ya kwanza itamrudisha, na figo zake zitabaki."

"Maabara hawawezi kukuambia?"

"Wanaweza. Nimeshapeleka damu. Lakini vijidudu vinataka muda viote kwenye sahani. Mimi naweza kusubiri. Yeye hawezi."

Inspekta aliketi. "Mume anasema ulimbadilishia dawa katikati."

"Nilimbadilishia. Alipokuja mara ya kwanza nilimwanzishia dawa ya kawaida, mkojo wake ukaenda maabara. Majibu yaliporudi, ile dawa vijidudu vyake vilikuwa vinaicheka. Nikampa sefiksimu, ambayo maabara ilisema itavimaliza. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Unaanza na unachokijua, jibu likija unarekebisha. Ambalo halifanywi ni kurukaruka kwa kubahatisha, leo hii, kesho ile. Hapo unavipa vijidudu masomo ya ziada."

"Kwa nini hakurudi hapa kuchukua hiyo ya pili?"

Daktari alikizungusha kifungo kwenye vidole. "Hakuruhusiwa kurudi."

"Na nani?"

"Unajua na nani."

"Ndiyo maana ukampelekea mwenyewe."

"Ndiyo."

"Huwa unawapelekea wagonjwa wote?"

"Hilo ndilo swali aliloniuliza mumewe, kwa maneno hayo hayo." Daktari aligeuka. "Sawa. Aliwahi kuwa mchumba wangu. Nilikwenda masomoni, masomo yakawa marefu, akachoka kusubiri. Akaolewa na huyo mpiga misumari."

"Unalitamka hilo neno kama mtu anayetema mbegu."

Masikio ya daktari yalibadilika rangi.

"Ulipompa dawa, walikuwepo akina nani?"

"Mumewe, na dada mkubwa wa mgonjwa. Nilieleza namna ya kumeza. Mgonjwa akaniambia sijabadilika. Nikacheka, naye akacheka. Nikaondoka. Hayo tu."

"Pole, daktari," alisema Inspekta.

Dirisha la dawa lilikuwa mwisho wa ukumbi. Mfamasia alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipomimina vile vidonge kwenye kisahani chake haraka ilimwisha.

"Hizi si zetu."

"Chupa je?"

"Chupa yetu, mwandiko wangu. Lakini humu niliweka kapsuli za sefiksimu, nusu nyekundu, nusu nyeupe. Hizi ni sipro, dawa nyingine kabisa. Tena sipro ya kampuni ambayo sisi hatujawahi kuleta. Tazama, ina mstari katikati. Yetu haina."

"Kapsuli ulimkabidhi nani?"

"Daktari mwenyewe. Alitia mfukoni akatoka nazo."

Inspekta alisimama pale kidogo, watu wa foleni wakimzunguka. Kati ya dirisha lile na kitanda cha Mwalimu, chupa ilipita mifuko miwili tu: wa mwanamume aliyeachwa na wa mwanamume aliyechukua. Kila mmoja alikuwa na wivu wa kutosha kumtosheleza mwenzake. Wa kwanza angeweza kubadilisha dawa njiani ili mgonjwa amrudie mikononi akiwa hoi, ajue alimwacha nani. Wa pili angeweza kubadilisha nyumbani. Swali likawa moja: je, kapsuli za rangi mbili zilifika nyumbani?

Alimwacha askari aliyekuja naye mlangoni mwa wodi, akaenda nyumbani kwa Fundi.

Karakana ya Fundi ilikuwa mbele, vyumba viwili vya kulala nyuma. Mifupa ya makochi ilipangwa ukutani, sponji zimerundikwa mpaka darini, na harufu ya gundi ilimkaba mtu koo kabla hajabisha hodi. Uani, dada mkubwa wa Mwalimu alikuwa akikamua mashuka. Alikuwa mama wa makamo, mikono mipana, na maneno yake hayakuhitaji kuvutwa.

"Nimefua usiku na mchana, afande, jasho la homa halitoki. Mdogo wangu anasemaje? Ameamka?"

"Bado. Niambie, alizidiwa lini?"

"Alipona kwanza!" Dada aliitupa shuka kwenye beseni. "Alimeza dawa za daktari, mimi mwenyewe nikimpa. Homa ikashuka. Akaomba achanwe nywele. Tukakaa hapo kizingitini, namchana, anatabasamu. Akasema, 'Dada, mkono wa yule mtu una baraka.' Hivyo tu. Mtu anashukuru, kuna ubaya? Shemeji alikuwa hapo mezani anakata kitambaa cha kochi la mteja. Akakikata kombo."

"Kombo?"

"Kombo! Fundi huyu, anayekata kitambaa huku anapiga stori na watu, macho hayapo kwenye mkasi. Siku ile alikuwa anatazama kabisa, na akakata kombo. Nikafikiri ni uchovu."

"Halafu?"

"Halafu akaninyang'anya kazi ya dawa. Akasema mke wake atamlisha mwenyewe. Mimi nikafurahi, jamani! Mwanaume anayeshika kijiko na glasi ya maji! Nikawasimulia mpaka majirani, kwamba shemeji yangu ni mmoja katika elfu." Alijifuta paji la uso kwa kiwiko. "Tangu hapo mdogo wangu akaanza kurudi nyuma."

"Dawa ulizompa wewe zilikuwaje?"

"Nyekundu huku, nyeupe huku. Zinateleza mkononi."

Inspekta alifungua kitambaa na kumwonyesha chupa. Dada alisogea, akaitikisa, akatazama ndani kwa jicho moja.

"Hizi sizijui."

"Una hakika?"

"Afande, mimi nimelea watoto sita na mdogo wangu juu. Nilichomtia mtu mdomoni nakijua." Alitazama mlango wa karakana, akairudia chupa, akarudi tena kwenye mlango. Kilichomfikia kilimfikia polepole. "Usiniambie," alisema. "Usiniambie, maana nilimsifia."

Kwa hiyo kapsuli zilifika, na zilikuwa zikifanya kazi. Mfuko wa daktari ulikuwa safi.

Mkabala na karakana palikuwa na duka la dawa, kabati moja la kioo na feni moja iliyokuwa ikizungusha joto. Muuzaji alimwona Inspekta akivuka barabara na akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Inspekta aliweka kidonge kimoja cheupe juu ya kioo.

"Hiki chako?"

"Vya namna hii viko kila mahali, mama."

"Nionyeshe cha kwako, basi, tuvilinganishe."

Muuzaji alikitazama kile kidonge, akaona kuna mstari katikati, akakata tamaa. "Fundi ni jirani yangu. Alikuja akasema mkewe dawa za hospitali zimemkataa. Nikampa amoksilini. Akarudi, anasema haifanyi kitu, nipe kali. Nikampa sipro, chache tu za kuanzia. Homa ikapungua, akaziacha, akamrudisha kwenye amoksilini. Ikapanda, akarudi kwenye sipro."

"Kama mtu anayejaribu funguo."

"Watu wote wanafanya hivyo, afande. Dawa ikichelewa kidogo, nibadilishie. Ukiwakatalia wanakwenda duka la pili."

"Cheti cha daktari hukumwomba?"

"Alisema daktari ameshindwa."

"Na zile za hospitali, hukuuliza ziko wapi?"

"Niliuliza. Akasema hizo zina mdomo." Muuzaji alipandisha mabega. "Sikumwelewa. Nikaona mtu mwenye mgonjwa huongea chochote."

"Alikuwa anampa zako pamoja na za daktari, au zako peke yake?"

"Hilo anajua yeye na Mungu wake."

Hilo ndilo lililobaki, na ndilo alilotaka daktari. Inspekta alimpigia simu akiwa bado barabarani, akamweleza alichokusanya. Daktari akasema: "Amoksilini haikuwa na maana, vijidudu vyake viliishinda tangu mwanzo. Sipro ya kudonoadonoa imeshaharibika, siigusi. Lakini bado sijajua kuhusu sefiksimu. Kama alimpa zote pamoja na akazidiwa hivi, nachoma ya akiba. Kama aliikata, nachoma ndugu yake. Nipatie hilo, Inspekta. Presha yake inashuka."

Chumba cha karibu na wodi kilikuwa stoo ya mashuka. Inspekta alimwingiza Fundi humo, akafunga mlango, akaiweka chupa juu ya rundo la mashuka kati yao.

"Pole, Fundi."

Ilikuwa ya tatu. Fundi alijua kuhesabu.

"Hizi umezichukua duka la mbele ya karakana yako. Shemeji yako amenieleza za kwanza zilikuwaje. Nani alibadilisha sikuulizi tena. Nakuuliza kitu kimoja. Tangu ulipoanza kumpa zako, za daktari uliendelea kumpa au uliziacha?"

Fundi alitazama chupa.

"Yeye alibadilisha kwanza," alisema. "Alimpa hii, kesho yake anasema acha, meza ile. Hakuna aliyemwitia polisi. Nikibadilisha mimi, nimeua."

"Yeye aliuliza maabara. Wewe ulimuuliza nani?"

"Mimi sikutaka kumdhuru!"

"Najua."

"Hujui! Nimeishi naye miaka yote hii. Homa ikimpata, mimi ndiye namkanda. Maji nachota mimi. Mgongo ukimuuma nimemtengenezea kiti chake peke yake, hakuna mteja aliyewahi kupata sponji ile. Hajawahi kusema mkono wangu una baraka. Hata siku moja. Yule kaja na chupa, kasimama mlangoni, kacheka, kaondoka. Akawa yeye ndiye mwenye mkono." Sauti ilimkatika. "Nilitaka apone kwa dawa yangu. Apone, akae pale pale kizingitini, alitamke lile neno tena, na anayetajwa niwe mimi. Basi. Dawa ni dawa, nilifikiri. Ya hospitali na ya dukani, si zote zinaua vijidudu?"

"Na alipozidiwa, kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu wangemwita yeye."

Ng'ambo ya ukuta Mwalimu aliongea kwa sauti, mara ya kwanza siku ile, ya kukazia kama anayesimama mbele ya darasa. "Kaeni kitako. Mmoja hayupo. Nani hayupo?" Kisha sauti ikazama tena.

Inspekta alimweleza habari za zile sindano mbili. Alimweleza polepole, bila kuongeza wala kupunguza: ipi inaokoa figo, ipi inaweza kuzimaliza, na kwamba kinachoamua ni jibu moja linalokaa kifuani mwa mtu mmoja.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo inayookoa figo, ni ndugu wa ile aliyoleta yeye?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikisema sikumpa, atachomwa dawa ile ile. Atapona nayo."

"Tunaomba Mungu apone nayo."

"Ataamka, ataambiwa ni yeye kamwokoa."

"Ataambiwa."

Fundi alizungusha macho kwenye rafu, juu ya mashuka yaliyokunjwa, kama anayetafuta pa kuyaweka. "Na nikisema alizimeza?"

"Daktari atakuamini," alisema Inspekta. "Hana njia nyingine. Na utakuwa umechagua."

Alikuwa amehoji wanaume waliochoma nyumba na wanaume waliochoma visu, na alijua kwamba mwenye wivu ukimsukuma anaegemea. Alimwacha. Fundi aliketi juu ya marobota, vidole vyake vikubwa vyenye makovu ya misumari vikichuna ganda la gundi kiganjani, kipande baada ya kipande.

"Nani hayupo?" aliuliza tena Mwalimu, ng'ambo ya ukuta.

"Hakuzimeza," alisema Fundi.

"Sema tena."

"Tangu nilipoanza kumlisha mimi, hakumeza za daktari hata moja. Nilizimwaga kwenye kopo la gundi nikazikoroga. Ziko chini ya kitambaa cha kochi la mteja." Akainua uso. "Hata moja, afande. Mwambie."

Inspekta alitoka mbio ukumbini, yeye ambaye watu hawakuwahi kumwona akikimbia. Daktari alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi na sindano mbili ziko kwenye sinia mbele ya muuguzi.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Daktari aliigusa ile ya kushoto. Walipofika mlangoni mwa wodi, kiti hakikuwepo tena. Fundi alikuwa amekiondoa, na alikuwa amesimama kando, uso ameuelekeza ukutani, ili asimwone yule mtu akipita.

Homa ya Mwalimu ilipambana kabla ya kukubali. Ilipokubali, mtaalamu wa maabara alimwita Inspekta aje aone alichoomba kuonyeshwa. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, na aliziweka sahani mbili za kioo mezani kama anayeandaa chakula cha mgeni. Juu ya kila sahani vijidudu vilikuwa vimeota utando wa rangi ya maziwa, na juu ya utando kulibandikwa vidoa vidogo vya karatasi, kila kidoa na dawa yake.

"Hii ndiyo ya siku ile ya kwanza, niliihifadhi kwenye jokofu. Pembeni ya sefiksimu unaona duara pana, jeusi? Hapo hakuna aliye hai. Sipro nayo, duara. Amoksilini, utando umefika mpaka kwenye karatasi. Haikufaa tangu mwanzo." Akaisogeza ya pili. "Hii ni ya juzi, damu ya mtu yule yule."

Pembeni ya sipro hapakuwa na duara lolote. Duara la sefiksimu lilikuwepo bado, ila limesinyaa.

"Mume ndiye aliyefanya hivi?"

"Siwezi kuapa. Huenda wachache wagumu walikuwemo toka zamani, wamejificha kati ya wengi. Ila angemaliza dawa sahihi, nao wangeisha na wenzao. Ukiikatiza, ukampa nyingine isiyofaa, ukampa ya tatu kidogo kidogo, unawaua wanyonge na kuwaachia nyumba wababe." Aliinua ile sahani ya pili kwenye mwanga. "Na hawa hawaishi kwake tu. Huenda wamehamia kwa aliyefua shuka zake, aliyemlisha, na huyo mume mwenyewe. Sipro mtaani kwao imeanza kuzeeka. Akija mwingine, tutakuwa na dawa moja pungufu."

"Na kama tungechelewa kidogo?"

"Hata hilo duara lililosinyaa nisingekuonyesha."

Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso umebaki macho. Inspekta alivuta kiti.

"Nahitaji maelezo yako. Mumeo yuko mahabusu. Kuna shtaka la kukudhuru kwa uzembe, na lingine la kumsingizia daktari."

"Unataka maelezo yangu umfunge."

"Kufunga ni kazi ya hakimu. Mimi nayahitaji tu."

"Basi sina." Alisema kwa upole wa mwalimu anayemnyima mtoto ruhusa. "Hakunichukia, Inspekta. Alikosea kwa kunipenda vibaya. Nimemuulizia kwa kila aliyekuja, dada hataki hata kulisikia jina lake. Mimi nataka kumwona."

Inspekta hakuwa na kalamu mkononi. Aliuliza kama jirani anavyouliza. "Wewe hukujua dawa zimebadilishwa?"

Mwalimu alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Kazi yangu ni kufundisha watoto rangi," alisema. "Nilijua siku ile ile."

"Ukameza."

"Ningeuliza, angesema nimezikariri rangi za dawa za yule mtu. Nyumbani kwetu kuna maswali hayaulizwi. Ukimsifia fundi bomba, chakula hakiliwi. Ukichelewa kikao cha wazazi, unaulizwa walikuwepo wanaume wangapi. Unajifunza kupunguza. Unapunguza kucheka, unapunguza kusalimia. Nikaona kidonge ni kidogo kuliko ugomvi." Akafumba macho. "Lakini analala kwenye kiti akiniuguza. Hilo nalo usilisahau. Mlete."

Walimleta mchana, kati ya askari wawili. Inspekta aliwaambia wasubiri nje. Fundi alikuwa amenawa uso na kuchana nywele kwa maji, na shati lake lilikuwa limekunjwa vizuri mikono. Alisimama miguuni pa kitanda. Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akasogea kwa shida, akafanya nafasi pembeni yake, akaipigapiga shuka mara moja kwa kiganja.

Fundi hakukaa. Alitazama dripu. Alitazama meza ndogo, glasi, kitambaa cha uso. Inspekta alifikiri anatafuta neno la kuomba radhi, akageukia dirisha ili awape nafasi.

"Anakuja mara ngapi?" aliuliza Fundi.

"Nani?"

"Yule. Kwa siku. Anakuja mara ngapi kukutazama?"

Mkono wa Mwalimu ulibaki pale juu ya shuka, kwenye ile nafasi aliyoifanya. Kisha aliurudisha taratibu, akauweka chini ya blanketi.

"Inspekta," alisema, bila kumwondolea mumewe macho. "Kalamu unayo?"